Kauli ya Kutendwa

Grimsby wana neno, gutted,
na wana namna yao ya kulitamka:
zile t mbili za katikati wanazinyofoa,
panabaki shimo dogo kooni
kama kwikwi iliyobanwa.
Neno lenyewe limeshatumbuliwa
kabla halijamfikia msikilizaji.

Maana yake, ukilivua koti, ni hiyo hiyo:
kupasuliwa tumbo, kutolewa vya ndani,
kusuuzwa kwa maji baridi, kulazwa juu ya barafu.
Matumizi yake ni mengine.
Craig wa foklifti hulisema
mikate ya soseji ikiisha dukani kabla ya zamu yake ya chai.
Kayleigh hulisema kioo cha simu kikipasuka.
Redioni, Jumamosi, beki wa kushoto
aliyejifunga dakika ya themanini na tisa
alilirudia mara tatu huku anahema,
na mji mzima ukaitikia kwa kichwa: ndiyo, hata sisi.
Mvua ikiharibu harusi, ndilo.
Paka akipotea siku mbili, ndilo.
Wala hakuna anayeuliza: umetumbuliwa na nani?

Glenys Utting halitumii.
Miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya chuma,
aproni ya plastiki, glavu mbili mkono wa kushoto,
kisu alichokinoa hadi kimebaki nusu ya upana wake.
Hadoki mmoja, sekunde nne.
Anajua ini linavyoteleza,
anajua kibofu cha hewa kinavyopasuka kwa sauti ya busu,
anajua kwamba jicho halibadiliki,
kabla na baada ni lile lile, linatazama taa.
Ndiyo maana meneja, Bwana Stapleford,
alipopanda juu ya kreti kututangazia
kwamba zamu ya usiku inafutwa
na kwamba yeye binafsi yuko gutted,
Glenys alisema bila kuinua kichwa:
“Wewe matumbo yako bado unayo, mpenzi.
Nayasikia yakinguruma kutoka hapa.”
Tulicheka. Zamu ikafutwa.

Januari, Clive wake akafa,
ngazini, akifunga kamba za kiatu cha pili.
Watu walimletea kadi, na pai ya kuku, na lile neno.
Walisimama nalo mlangoni, wamelishika kwa mikono miwili
kama sahani ya moto:
tumetumbuliwa, Glenys, sote tumetumbuliwa.
Akapokea pai. Akasema asante.
Mimi nilitafuta neno jingine njia nzima.
Lugha ya mama yangu husema mtu amekatwa maini.
Kisu tena.
Nikampa mkono tu, nikaingia ndani, nikaosha vikombe.

Jumatatu alirudi kazini.
Hadoki mmoja, sekunde nne.
Craig alipoanza kulalamika kuhusu mechi
alijikwaa katikati ya sentensi,
akakohoa, akasema timu imecheza vibaya.

Kisha Alhamisi moja, wiki ya tatu au ya nne,
tunatoka, mvua inakuja kwa ubavu kutoka mto Humber,
basi namba tisa likaondoka mbele ya macho yetu.
Dereva alituona. Mlango alishaufunga.
Si kitu, dakika kumi na mbili hadi lijalo.
Glenys alisimama na mfuko wake,
ndani mna minofu miwili ya hadoki,
miwili, kwa mazoea,
akalitazama basi mpaka likakata kona ya benki,
taa zake nyekundu zikaingia kwenye ukuta.
Ndipo akalisema.
Taratibu, na t zote mbili,
kila moja akaiweka mahali pake,
kama mtu anayejaribu kurudisha
vya ndani ndani ya samaki.

Basi lililofuata lilichelewa.